Dizeli ya Zamani Inapogoma Asubuhi: Dalili, Sababu na Marekebisho ya Kifaa cha Baridi

Injini ya dizeli haina cheche. Moto wake unatokana na hewa kubanwa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta, na katika gari za zamani zenye kichumba cha mwako ndani ya silinda hedi, hewa hiyo hubanwa takriban mara 20 hadi 23. Asubuhi, chuma kikiwa kimelala baridi usiku kucha, kinalinyonya joto hilo kabla nozeli haijamaliza kunyunyiza. Starta inazungusha, moshi mweupe unatoka nyuma, injini haishiki.

Waliounda injini hizi walilijua hilo, wakaweka misaada mitatu. Wa kwanza ni plagi za kupasha, yaani vijiti vya umeme vinavyotia joto kwenye kichumba cha mwako. Wa pili ni kifaa kinachoifanya pampu ipeleke mafuta mapema kwa digrii chache, kwa sababu mafuta yanayoingia kwenye hewa baridi huchelewa kushika moto. Wa tatu ni waya unaoinua sailensa, yaani mzunguko wa injini isipokanyagwa mafuta, ili isizime kabla haijapata joto. Hii miwili ya mwisho nitaiita kifaa cha baridi, maana mara nyingi imeungwa pamoja kwenye vimkono vilivyo ubavuni mwa pampu.

Maelezo haya ni ya gari zenye pampu ya mzunguko ya kimakanika, kama Bosch VE iliyofungwa kwenye Volkswagen Golf ya dizeli ya 1976 na baadaye kwenye gari nyingi za Ulaya, pamoja na pampu za Denso za mfumo huohuo kwenye injini za Toyota kama 1HZ. Katika baadhi, dereva mwenyewe anavuta kitufe kwenye dashibodi. Katika nyingine, kazi hiyo inafanywa na kidonge cha nta kinachoguswa na maji ya injini. Maji yakiwa baridi nta inasinyaa na kimkono kinakaa nafasi ya baridi. Maji yakipata moto nta inavimba, inasukuma pini, kimkono kinaachia. Pampu zinazoongozwa na kompyuta zina njia zake na hazihusiki hapa.

Neno moja kabla ya dalili. Kifaa cha baridi kina kazi mbili: kushika injini ikiwa baridi na kuachia ikiwa moto. Watu huangalia ya kwanza tu. Kisha, gari likiendelea kugoma, wanaizungusha pampu yenyewe mbele kidogo ili liwake. Linawaka kweli, lakini kuanzia hapo linagonga kutwa nzima, nozeli na pistoni zinaumia, na kasoro halisi, ambayo huenda ilikuwa plagi mbili zilizokufa, iko palepale. Nimewahi kununua gari lililofanyiwa hivyo. Kulirudisha katika hali yake kulichukua muda mrefu kuliko ambao ungetosha kuzipima plagi zote nne.

Anza jioni

Injini iliyo baridi kweli unaipata mara moja tu kwa siku. Ukishaiwasha, nafasi imepita mpaka kesho yake. Kwa hiyo jiandae jioni, gari likitoka safarini likiwa na moto kamili. Fungua boneti, tafuta vimkono vya pampu, weka alama ndogo ya rangi kwenye kila kimkono na kwenye mwili wa pampu mkabala nacho, kisha piga picha. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, piga picha nyingine kutoka pembe ileile. Kwa mfumo wa nta, alama zikiwa zimesogea unajua kifaa kina uhai. Zikiwa mahali pamoja asubuhi na jioni, umeshapata pa kuanzia bila kufungua nati hata moja. Kwa mfumo wa kitufe, jaribio hilo unalifanya wakati wowote kwa kumwomba mtu avute na kurudisha huku wewe unatazama.

Na usalama. Nozeli hunyunyiza kwa shinikizo linalozidi bar 100, na mnyunyizo huo unapenya ngozi. Usiweke mkono mbele ya nozeli au bomba la shinikizo lililolegezwa. Dizeli ikiingia mwilini, hata kama tundu linaonekana dogo kama la sindano, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje liume. Usipulizie etha kwenye injini yenye plagi za kupasha, kwa kuwa inaweza kulipuka ndani ya bomba la hewa au kuvunja ringi za pistoni. Vuta handibreki, gia iwe huru, nguo na nywele ziwe mbali na mkanda na feni. Usiiwashe injini ndani ya banda lililofungwa.

Dalili ya kwanza: starta inazungusha vizuri, moshi mweupe unatoka, injini haishiki

Moshi mweupe wakati wa kupiga starta ni dizeli iliyofika kwenye silinda lakini haikuungua. Kwa hiyo mafuta yapo. Kinachokosekana ni joto au wakati sahihi.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni plagi za kupasha. Taa ya plagi kwenye dashibodi isikudanganye: katika gari nyingi inaonyesha muda tu, wala haijui kama plagi zinapata moto. Anza na umeme unaoingia. Mtu awashe ufunguo hatua ya kupasha huku wewe umeshika testa au mita kwenye bamba linaloziunganisha plagi. Unapaswa kupata volti za betri pungufu kidogo. Usipopata kitu, angalia fyuzi ya plagi, ambayo mara nyingi ni bapa la chuma karibu na ukuta wa injini. Bapa hilo hupata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, kwa hiyo lipime kwa mita huku ukilitikisa. Fyuzi ikiwa nzima, inafuata relei na viunganishi vyake.

Umeme ukifika, pima plagi moja moja. Ondoa waya hasi wa betri, fungua bamba, kisha pima ukinzani kati ya ncha ya plagi na mwili wa injini. Plagi nzima za volti 12 kwa kawaida husoma chini ya omu 1 au karibu na hapo. Isiyosoma kabisa imekatika. Plagi inaweza kusoma vizuri na bado ikawa dhaifu, ndiyo maana mita ya ampea inayobana waya ni bora zaidi: plagi nne zinazofanya kazi huvuta kiasi kinachokaribiana, na iliyokufa haivuti kitu. Usiipime plagi nje ya gari kwa kuigusisha moja kwa moja kwenye betri kabla ya kusoma maandishi yake. Baadhi ya gari zina plagi za volti 6 au pungufu zinazolishwa kwa hatua, na volti 12 zitaziunguza mara moja. Katika Mercedes-Benz za kale kama 200D za miaka ya 1960 na 1970, plagi zimefungwa kwa mfululizo: moja ikikatika, zote zinazima, kama taa za mapambo.

Plagi ikikataa kutoka, simama. Pasha injini, tia mafuta ya kulegeza kutu, jaribu tena taratibu. Ikiendelea kukataa, mwachie fundi mwenye vifaa, kwa sababu plagi ikikatikia ndani ya silinda hedi, kazi ya dakika ishirini inageuka kuwa ya kushusha hedi nzima.

Plagi zote zikiwa nzima, ndipo uje kwenye kifaa cha baridi. Tazama picha yako ya asubuhi: je, kimkono cha kuwahisha kimefika kwenye kikomo chake cha baridi? Kama ni cha kitufe, vuta na usikilize. Kitufe kinachotoka bila uzito wowote kina waya uliokatika au ulioteleza kwenye kibano. Kinachotoka kwa shida kina kutu ndani ya ala. Marekebisho yake ni mepesi. Rudisha kitufe ndani kabisa, hakikisha kimkono kimelala kwenye kikomo chake cha moto, legeza skrubu ya kibano, vuta waya unyooke bila kukisogeza kimkono, kaza. Sasa vuta kitufe hadi mwisho. Kimkono kifike kwenye kikomo cha pili. Kisipofika, hakikisha kwanza kuwa ala ya waya imekaa kwenye kishikio chake. Ikichomoka, nusu ya mvuto wote inapotea hapo.

Jaribio zuri ni kuvuta na kurudisha kitufe injini ikiwa inanguruma. Pampu inayoitika itabadilisha sauti: kugonga kunazidi kidogo unapovuta, kunapungua unaporudisha. Kimkono kikisogea hadi mwisho na sauti isibadilike hata chembe, kuna jambo ndani ya pampu. Hapo usifungue kitu. Pampu hizi zina vipande vinavyopimwa kwa sehemu za milimita, na ni kazi ya karakana ya pampu.

Vinavyobaki ni vya nadra zaidi na vizito zaidi: taimingi ya pampu (wakati inapopeleka mafuta), nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza, na mbano uliochoka, yaani silinda zisizobana hewa vya kutosha. Mbano hupimwa kwa geji ya dizeli, si ya petroli, ambayo itapasuka. Katika injini ya Volkswagen ya lita 1.6, mpya ilikuwa na takriban bar 34 na kikomo cha chini ni bar 28, huku tofauti kati ya silinda isizidi bar 5. Injini nyingine zina namba zake, lakini ukubwa ni wa namna hiyo. Mbano ukiwa chini, hakuna skrubu ya kifaa cha baridi itakayoutibu.

Dalili ya pili: starta inazungusha, hakuna moshi wowote

Hapa mafuta hayafiki. Acha plagi, acha kifaa cha baridi.

Mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye mabomba usiku. Mafuta yanarudi kwenye tangi, na asubuhi pampu inavuta povu. Tumia macho yako kabla ya spana: tazama viungio vya filta, mabomba ya mpira yaliyokauka, na vibomba vyembamba vya mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli. Funga kipande cha bomba angavu kabla ya pampu na uangalie mapovu. Njia nyingine isiyohitaji kifaa ni kulaza gari usiku mmoja kwenye mteremko, pua ikitazama chini, ili tangi liwe juu ya pampu. Likiwaka vizuri asubuhi hiyo peke yake, unatafuta mahali hewa inapoingia.

Baada ya hewa ni soleinodi ya kuzimia, yaani valvu ya umeme inayokata mafuta, iliyo nyuma ya pampu. Ufunguo ukiwashwa inapaswa kutoa mlio mdogo wa 'tik'. Ikiwa kimya, pima kama inapata volti 12. Filta iliyoziba inafuata. Mahali penye baridi kali, dizeli yenyewe huganda nta na kuziba filta. Dawa ni kuipasha filta kwa maji ya moto au kulihamishia gari mahali penye joto, kamwe si kwa moto wa wazi.

Dalili ya tatu: inawaka, kisha inatetemeka na kuzima dakika za mwanzo

Injini inashika, kwa hiyo joto la kuanzia lipo. Inachokosa ni sailensa ya baridi, na hapa ndipo marekebisho ya waya yanapokuwa na faida kubwa kuliko mahali pengine popote.

Katika gari zenye kidonge cha nta na waya, kama zile za injini za XUD za Peugeot na Citroën, kidonge kimefungwa kwenye hedi au kwenye nyumba ya themostati, na waya wake unakwenda kwenye kimkono cha sailensa. Injini ikiwa baridi, kimkono kinapaswa kugusa kikomo chake. Kikiwa hakijafika, legeza kibano, sukuma kimkono hadi kiguse, nyoosha waya, kaza. Kisha endesha gari mpaka lipate moto kamili, feni ya redieta iwe imewaka na kuzima, urudi kuangalia. Sasa waya unatakiwa kuwa na ulegevu mdogo, kati ya nusu milimita na milimita moja. Ukiukuta umekaza, umevuta mno asubuhi. Punguza, na uhakiki tena kesho. Ndiyo, kesho, kurekebisha waya huu kwa injini iliyopoa nusu ndiyo njia ya kuurekebisha mara nne.

Kama waya hausogei kabisa kati ya baridi na moto, kidonge kimekufa. Kizima husogeza waya takriban milimita 6 au zaidi. Hakirekebishiki, kinabadilishwa, na kazi hiyo hufanywa injini ikiwa imepoa kwa sababu maji yatatoka. Usifungue kifuniko cha maji injini ikiwa moto.

Mizunguko ikoje? Injini nyingi za ukubwa huu hukaa kati ya 750 na 900 kwa dakika zikiwa moto, na hupanda kufika 950 hadi 1,100 zikiwa baridi. Namba ya gari lako iko kwenye kitabu chake. Kumbuka kuwa mita za mizunguko zinazosoma cheche hazifanyi kazi kwenye dizeli. Tumia ya mwanga, au ile ya dashibodi.

Kuna kishawishi hapa, nacho ni kupandisha sailensa ya kawaida kwa skrubu yake ili injini ivumilie asubuhi. Usifanye hivyo. Mchana litakimbia bila kukanyagwa, na waya wa baridi utakuwa bado mbovu. Tena pampu ina skrubu zaidi ya moja. Zilizofungwa kwa lakiri au waya wa risasi ni za kiwango cha juu cha mafuta na kasi ya mwisho. Hizo haziguswi nje ya karakana ya pampu, maana ukikosea injini inaweza kupita kasi yake ikajivunja.

Waya ukiwa sawa na bado inatetemeka huku moshi mweupe ukipuliza kwa mapigo, rudi kwenye plagi. Moja iliyokufa kati ya nne haitazuia injini kuwaka, ila silinda hiyo italala mpaka ipashwe na wenzake.

Dalili ya nne: injini imeshapata moto, lakini sailensa iko juu au inagonga kwa sauti kavu

Kifaa kimegoma kuachia. Watu huishi nayo miezi wakidhani ndivyo dizeli za zamani zilivyo.

Kwa kitufe, sababu ya kwanza ni dereva aliyesahau kukirudisha. Ya pili ni waya wenye kutu: kitufe kinarudi ndani, lakini kimkono kwenye pampu kinabaki. Chomoa waya kwenye kimkono ukisukume kwa kidole. Kikirudi chenyewe kwa springi, kosa liko kwenye waya, na waya mpya ni dawa bora kuliko grisi. Kikiwa kigumu hata bila waya, kisafishe nje na ukitie mafuta mepesi kwenye mhimili; kikikataa usikilazimishe kwa koleo, maana mhimili wake unaingia ndani ya pampu na sili yake ikiharibika dizeli itavuja.

Kwa kidonge cha nta kilicho kwenye pampu yenyewe, kama kwenye Toyota, shika mabomba mawili madogo ya maji yanayokwenda kwenye pampu. Yanapaswa kuwa na joto linalokaribiana na la injini. Yakiwa baridi, maji hayapiti: kuna uchafu, kutu au hewa iliyonaswa, na nta haijui kuwa injini imepata moto. Safisha njia hiyo kwanza. Yakiwa moto na kimkono hakijaachia, kidonge kimekwama au kimechoka. Wapo wanaokifunga kimkono kwa waya kibaki nafasi ya moto daima. Mahali pasipo na baridi gari litawaka hivyo, lakini unakuwa umeondoa msaada ambao injini inayozeeka inauhitaji zaidi kuliko ilipokuwa mpya.

Angalia pia themostati ya injini. Ikikwama wazi, maji hayafikii joto lake, na kifaa kizima kabisa kitaendelea kudhani kuna baridi.

Kugonga kukiwa kukali, kukiambatana na moshi mweusi au joto kupanda, zima injini. Mafuta yanayoingia mapema mno chini ya mzigo hutoboa pistoni. Usiendeshe kwenda kwa fundi, gari livutwe.

Dalili ya tano: starta inazungusha kwa uzito

Hii mara nyingi ni ya umeme. Dizeli ndogo inahitaji takriban mizunguko 150 kwa dakika au zaidi ili iwake, na ikipungua hapo joto linatoroka kabla mbano haujakamilika. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya 9.5 starta inapozungusha, ipime kwa mzigo. Safisha vichwa vya betri na waya hasi unaoshika injini kabla ya kununua starta.

Dalili ya sita: taabu imeanza baada ya mkanda wa taimingi kubadilishwa au pampu kufunguliwa

Uliza swali moja: wakati taimingi ya pampu ilipopimwa, kifaa cha baridi kilikuwa kimeachia?

Pampu inapopimwa kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale), injini huwa imezimwa na imepoa, kwa hiyo kifaa cha nta kinakuwa kimeshika. Pampu inaonyesha mapema kuliko ilivyo kawaida, na fundi anairudisha nyuma ili namba ilingane na kitabu. Siku inayofuata gari linagoma, linatoa moshi mweupe, na likipanda mlima halina nguvu. Namba iliandikwa sahihi, ila ilipimwa mahali pasipo sahihi. Kabla ya kupima, kimkono cha kuwahisha lazima kisogezwe hadi nafasi ya moto na kishikiliwe hapo kwa kipande kigumu, au waya wa kitufe ulegezwe kabisa, kisha kirudishwe baada ya kukaza pampu.

Ukishuku kuwa mkanda wenyewe umeruka jino, usipige starta tena hata mara moja. Katika injini hizi nafasi kati ya valvu na pistoni ni ndogo sana, na jaribio moja la ziada linaweza kuzigonganisha. Alama za mkanda zikaguliwe na fundi mwenye pini za kufungia taimingi za injini hiyo, akizungusha kwa mkono na spana kwenye nati ya krenki.